Kubariki Chakula au Kumhimidi Mwenye Chakula: Lugha na Sheria katika Mlo wa Pasaka ya Kiyahudi

Katika Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K. chini ya uongozi wa Rabi Yehuda ha-Nasi, imo orodha fupi iwezayo kumvutia mwanaisimu kuliko hata mwanasheria. Orodha hiyo, iliyomo katika sura ya 7 ya kitabu kiitwacho Sota, inatenga mambo yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote ile na yale yasiyosemwa ila kwa Kiebrania. Baraka ya makuhani imewekwa upande wa Kiebrania. Baraka isomwayo baada ya kula imewekwa upande wa lugha yoyote.

Kauli hiyo ya "lugha yoyote" inakijumuisha Kiswahili, ingawa walioiandika hawakukijua. Nayo si ruhusa isiyo na mipaka. Moses Maimonides, mwanasheria aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliieleza kwa masharti katika mkusanyo wake wa sheria: neno la baraka laweza kusemwa kwa lugha yoyote, na hata umbo lake likigeuzwa msemaji amekwisha kutimiza wajibu wake, maadamu ametaja Jina la Mungu, ufalme Wake, na jambo lenyewe linalohusika. Mambo hayo matatu ndiyo kipimo. Mhadhara huu unakusudia kukipima Kiswahili kwa kipimo hicho, kwa kuchukua mfano wa mlo mmoja ambao baraka zake ni nyingi na mpangilio wake ni mkali, yaani mlo wa usiku wa kwanza wa Pasaka. Wayahudi huuita Sederi, neno lenye maana ya "utaratibu".

Suala lenyewe si la kubuni. Karibu na Mbale, nchini Uganda, ipo jumuiya ya Abayudaya iliyotokana na hatua ya Semei Kakungulu ya mwaka 1919 ya kuifuata dini ya Kiyahudi; zaburi zao huimbwa kwa Luganda pia, si kwa Kiebrania pekee. Mjini Nairobi jumuiya ya Wayahudi ilianzishwa mwaka 1904. Na hata yule asiyewahi kuketi kwenye mlo huo hukutana nao kila afunguapo kitabu cha Kutoka katika Biblia ya Kiswahili, au asomapo Injili zinazoeleza karamu ya mwisho ya Yesu. Msomaji huyo hukutana nao, lakini kupitia kitenzi ambacho, kwa bahati mbaya, kinampeleka pasipo.

Kitenzi "kubariki" na yambwa yake

Kitenzi chenyewe ni "kubariki". Kimeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, katika mzizi b-r-k, na mzizi huo huo ndio uliomo katika Kiebrania. Mtu angetarajia kwamba undugu huu ungeirahisisha kazi ya mfasiri. Kinyume chake, ndio unaomtega, kwa sababu maneno ndugu si lazima yachague yambwa moja.

Mkristo msemaji wa Kiswahili, akiinamisha kichwa mbele ya sahani, humwomba Mungu akibariki chakula. Mtenda ni Mungu, mtendwa ni chakula, na baraka ni kitu kinachoshuka na kukaa juu ya ugali na mchicha. Mwislamu wa pwani husema Bismillahi anapoanza na Alhamdulillahi anapomaliza. Katika kauli zote mbili chakula hakitajwi kabisa. Katika sheria ya Kiyahudi hali ni ya tatu. Chakula hutajwa, tena kwa uangalifu mkubwa, lakini mtenda ni binadamu na mtendwa ni Mungu. Binadamu ndiye abarikiye, naye Mungu ndiye abarikiwaye.

Talmudi ya Babeli inaeleza sababu kwa njia ambayo ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiibada. Marabi waliziweka pamoja aya mbili za Zaburi zinazoonekana kupingana: moja, katika Zaburi ya 24, yasema kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Mungu, nyingine, katika Zaburi ya 115, yasema kwamba nchi amewapa wanadamu. Waliitatua hitilafu hiyo kwa kutenga nyakati. Aya ya kwanza yahusu hali iliyopo kabla ya mtu kutamka baraka; ya pili yahusu hali iliyopo baada ya kuitamka. Anayekula bila kutamka, walisema, ni kama aliyejinufaisha kwa mali iliyowekwa wakfu kwa ajili ya Hekalu. Kwa hiyo baraka ni aina ya kubisha hodi kwa mwenye nyumba. Mkate haubadiliki kwa kuitamkiwa. Kinachobadilika ni haki ya mtu juu yake.

Yafaa kukiri kwamba mpaka huu haukuwa wazi tangu zamani za kale. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 9, watu wa mji wanamngojea nabii aje aibariki dhabihu kabla wageni hawajala, na Kiebrania cha hapo kinaifanya dhabihu kuwa yambwa bila kificho. Hata hivyo sheria ilipokomaa mikononi mwa marabi, iliifuata njia nyingine, na matini ya baraka zote za mezani yalielekezwa kwa Mungu.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union, walilihisi tatizo hilo. Kumbukumbu la Torati 8:10 ndiyo aya ambayo marabi wameitegemezea baraka ya baada ya mlo: ule, ushibe, kisha "umbariki" Mungu. Wafasiri walikikwepa "kubariki" wakatumia "kushukuru". Katika Zaburi ya 103, ambako nafsi inaamrishwa jambo lile lile kwa kitenzi kile kile cha Kiebrania, walitumia "kuhimidi". Hivyo Kiswahili kilikwisha kugawa kazi ya mzizi mmoja kwa vitenzi vitatu: Mungu humbariki mtu, mtu humshukuru Mungu kwa kipawa, na mtu humhimidi Mungu kwa vile alivyo.

Kati ya hivyo vitatu, "kushukuru" kinafaa baada ya kula lakini kinapungua kabla ya kula, kwani mtu hashukuru kitu ambacho bado hajapewa. "Kuhimidi" kinafaa pande zote mbili. Hasara yake ni kwamba kinaukata uhusiano wa sauti na neno "baraka", ambalo ndilo jina la matini yenyewe. Hasara hiyo yavumilika. Katika mhadhara huu "baraka" litabaki kuwa jina la tamko, na ndani ya tamko kitenzi kitakuwa "kuhimidi".

Tatizo halimaliziki hapo, kwa kuwa neno la kwanza la baraka ya Kiebrania, baruk, ni sifa isiyo na njeo. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, hulazimika kuchagua. "Uhimidiwe" ni dua, kana kwamba Mungu alipungukiwa na sifa hadi mla mkate alipomwombea. "Unahimidiwa" ni taarifa ya tendo linaloendelea. "Umehimidiwa" ni hali iliyokwisha kuthibiti. Baadhi ya wafafanuzi wa zama za kati walisisitiza kwamba neno hilo halimaanishi kwamba kiumbe anamwongezea Muumba chochote, bali linamweleza Mungu kuwa chemchemi ya baraka. Kwa mtazamo wao "uhimidiwe" ndilo umbo baya kuliko yote, ijapokuwa ndilo ambalo sikio la Mswahili, lililozoea lugha ya ibada, lingelipendelea kwanza.

Kati ya Wewe na Yeye

Baada ya neno hilo huja nafsi ya pili, "Wewe", kisha Jina, kisha ufalme. Neno la Kiebrania olam katika tamko la ufalme lilimaanisha "milele" katika Kiebrania cha Biblia, na lilikuja kumaanisha "ulimwengu" katika lugha ya marabi. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuyabeba yote mawili. "Mfalme wa ulimwengu" ndiyo tafsiri ya kawaida nayo inatosheleza sharti.

Kilicho kigumu zaidi ni kinachofuata. Baraka zinazohusu amri, kama ile ya kunawa mikono au ya kula mkate usiotiwa chachu, huanza kwa kumwambia Mungu "Wewe" na kuendelea kwa kumsimulia kama "Yeye": aliyetutakasa, kwa amri zake. Katika Kiebrania badiliko hili ni dhahiri lakini halikwaruzi. Wafafanuzi, miongoni mwao Nachmanides wa karne ya 13, waliliona kuwa la makusudi: Mungu husemezwa kwa ukaribu kwa kuwa anajulikana, na husimuliwa kwa umbali kwa kuwa dhati yake imefichika.

Kiswahili hakiruhusu utata hapa, maana kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu atasema "uliyetutakasa kwa amri zako" au "aliyetutakasa kwa amri zake". La kwanza ni sanifu na linapendeza, nalo linafuta jambo ambalo wafafanuzi walilithamini. La pili, likifuata moja kwa moja baada ya "Wewe", laonekana kosa la mwanafunzi wa darasa la nne. Njia ya kutokea ipo katika mpangilio wa maneno: kati ya "Wewe" na kitenzi pamekaa "Mfalme wa ulimwengu", na kirejeshi "aliye-" kinaweza kupatana na Mfalme huyo pasipo kuvunja sarufi. Msikilizaji ataanza na Wewe, atapitia kwenye cheo, na atajikuta kwa Yeye. Hiyo ndiyo njia ile ile ya Kiebrania.

Baraka za vyakula zina umbo jingine. Hazitumii kitenzi chenye nafsi, bali namna ya kitenzi-jina: muumba wa tunda la mzabibu, mtoa mkate katika ardhi. Kuhusu hilo la pili Talmudi ina mjadala wa kisarufi hasa. Je, aseme motsi au hamotsi? Rabi Nehemia alidai kwamba hamotsi hulenga wakati ujao, na kwa hiyo aliyeitumia angekuwa anamsifu Mungu kwa mkate usiokuwapo bado. Wenzake walisema kwamba hata hamotsi hulenga tendo lililokwisha kufanyika. Sheria iliishia kwenye hamotsi. Mfasiri atakayeandika "uliyetoa" au "unayetoa" atakuwa ameuamua mjadala huo kwa kiambishi cha njeo. "Mwenye kutoa" huuacha wazi, na "mwenye kuumba" vivyo hivyo kwa divai. Hii ni mojawapo ya nafasi ambazo Kiswahili kina chombo kilicho sawa kabisa na kile cha asili.

Mchungaji na mkate wake

Kabla ya kuendelea na unyeti huu, inafaa kusikia kisa kinachopunguza makali yake. Talmudi inasimulia kuhusu mchungaji wa wanyama aitwaye Benyamini, aliyekula mkate wake huko malishoni kisha akasema kwa Kiaramu, lugha yake ya kila siku, maneno machache tu ya kumhimidi bwana wa mkate ule. Rav, mmoja wa marabi wakuu wa Babeli, alihukumu kwamba mtu huyo ametimiza wajibu.

Wanafunzi walishangaa, kwa sababu Rav huyo huyo alifundisha kwamba baraka isiyotaja Jina si baraka. Wakajibiwa kwamba mchungaji alitaja: alimwita bwana wa mkate Rahmana, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua. Wakauliza tena: mbona baraka ya baada ya mlo ina sehemu zaidi ya moja? Wakajibiwa kwamba alitimiza ile ya kwanza tu. Swali lao la mwisho ndilo lenye uzito kwa mada hii. Ikiwa Mishna ilikwisha kuruhusu lugha yoyote, kisa hiki kinaongeza nini? Kinaongeza, Talmudi yasema, kwamba si lazima tamko la lugha ya kigeni liwe tafsiri ya neno kwa neno ya lile lililowekwa. Mchungaji hakufasiri; alisema jambo lenyewe kwa namna ya lugha yake.

Hukumu hii inampa mfasiri wa Kiswahili uhuru mkubwa, na pia inamwonyesha mahali ambapo uhuru unakoma. Rabi Yohanan aliongeza kwamba baraka isiyotaja ufalme si baraka, na sheria ya baadaye ilimfuata. Nayo hofu iliyo nyuma ya masharti haya ni ya kutaja Jina bure, jambo linalokatazwa katika Amri Kumi. Kutokana nayo imetoka kanuni kwamba mtu akishuku kama anawajibika kutamka baraka fulani ya kimarabi, asiitamke. Ni bora kupungukiwa kuliko kuzidisha. Isipokuwa baraka ya baada ya mlo wa kushiba: kwa kuwa msingi wake umo katika Torati yenyewe, mwenye shaka huirudia.

Mti, ardhi na mgomba

"Jambo lenyewe linalohusika" ndilo sharti la tatu la Maimonides, na hapa ndipo msamiati wa Afrika Mashariki unapoingia mezani. Sura ya 6 ya kitabu cha Mishna kiitwacho Berakot hutenga tunda la mti na tunda la ardhi. Anayesema "tunda la ardhi" juu ya tunda la mti amefaulu, maana mti nao umesimama ardhini. Anayesema "tunda la mti" juu ya mboga hakufaulu.

Mwanaisimu wa Kiswahili angedhani kwamba ngeli ingemsaidia. Mwembe, mchungwa, mnazi, mpapai na mgomba yote imo katika ngeli ya M-/MI-, na mkulima yeyote wa Bukoba angeuita mgomba mti bila kusita. Sheria yakataa. Mti, kwa ufafanuzi wake, ni ule ambao shina lake hubaki mwaka hata mwaka na kuzaa tena. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha shina hufa na chipukizi hushika nafasi. Yosef Karo, ambaye kitabu chake Shulhan Aruk kilichapwa Venice mwaka 1565, aliitaja ndizi kwa jina lake lenye asili ya Kiarabu, akaamuru isemewe baraka ya tunda la ardhi. Kuhusu mpapai wanasheria wametofautiana, na mjadala wao haujafungwa.

Mkate nao una mpaka wake. Jina hilo, kwa maana ya kisheria, ni la nafaka tano tu: ngano, shayiri, na jamaa zake tatu ambazo kwa kawaida hutambuliwa kuwa aina ya ngano ya kale iitwayo speliti, rai na oti. Ugali wa mahindi, hata ukiwa ndicho chakula kinachoitwa chakula katika nyumba nyingi, hauwajibishi baraka ya mkate wala ile ndefu ya baada ya mlo. Wali nao una baraka zake mbali. Katika Pasaka tofauti hizi huongezeka. Mkate wa faradhi wa usiku ule, matsa, huokwa kwa mojawapo ya nafaka tano hizo na si nyingine. Mchele, maharagwe na mahindi havina chachu kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, Waashkenazi, wamejizuia navyo siku za Pasaka tangu zama za kati, ilhali Wayahudi wengi wa Uhispania ya kale na nchi za Kiarabu, Wasefardi, hawakufuata zuio hilo.

Utaratibu wa usiku

Usiku wenyewe huanza kwa kikombe cha kwanza cha divai. Hapo pana mgogoro wa zamani baina ya shule mbili za karne ya kwanza. Shule ya Shamai ilisema ianze baraka ya sikukuu, kwa kuwa siku ndiyo iliyosababisha divai iletwe. Shule ya Hilel ilisema ianze divai, kwa kuwa bila kikombe hakuna tamko la siku, na tena kwa kuwa lililo la mara kwa mara hutangulia lililo la nadra. Desturi ilimfuata Hilel. Baada ya hizo mbili hutamkwa baraka ya tatu, ya kumhimidi aliyewafikisha watu kwenye wakati huu. Sikukuu ikiangukia jioni ya Jumamosi, huongezwa baraka ya taa na ile ya kutenga Sabato na siku nyingine, na mpangilio wa zote tano hukumbukwa kwa herufi zao za mwanzo: yaknehaz. Wayahudi wa nchi za Kijerumani walisikia katika neno hilo amri ya lugha yao ya kumwinda sungura. Ndiyo maana baadhi ya Hagada, yaani vitabu vya usiku huo, zilizochapwa Ulaya ya kati katika karne ya 16, zina picha ya wawindaji na mbwa wakimfukuza sungura, pasipo sababu nyingine yoyote.

Kisha mikono hunawishwa mara ya kwanza, bila baraka. Kunawa huku ni kwa ajili ya mboga itakayochovywa, na kwa kuwa wanasheria walishuku kama wajibu wake bado upo, ile kanuni ya shaka inafanya kazi: maji yamwagwe, Jina lisitajwe. Mboga hiyo, karpasi, husemewa baraka ya tunda la ardhi, na desturi ni kula kipande kidogo kuliko zeituni ili lisizuke swali la baraka ya kufuatia. Mwenye kutamka hukusudia pia mboga chungu zitakazoliwa baadaye. Nia, ambayo haina sauti, inahesabiwa kuwa sehemu ya tamko.

Mikate mitatu ya matsa imewekwa mezani, na ule wa kati huvunjwa vipande viwili kabla ya simulizi kuanza, kwa kuwa Torati inauita mkate wa taabu na maskini hali mkate mzima. Baada ya simulizi na kikombe cha pili, mikono hunawishwa tena, safari hii kwa baraka. Matsa husemewa baraka mbili mfululizo: moja ya mkate, kama siku zote, na moja ya amri ya kula matsa, ya usiku huo. Ya kwanza ni ya kubisha hodi, ya pili ni ya kutii. Asiyeona tofauti yake atadhani pana marudio. Kati ya baraka na tonge hapasemwi neno. Mboga chungu husemewa baraka ya amri peke yake, kwa kuwa ile ya chakula ilikwisha kutamkwa juu ya karpasi. Kisha huliwa matsa na mboga chungu pamoja, kwa kumbukumbu ya Hilel aliyefanya hivyo Hekalu liliposimama, bila baraka yoyote.

Kuhusu vikombe vinne vya usiku huo, Karo aliandika kwamba baraka ya divai husemwa juu ya cha kwanza na cha tatu tu. Moshe Isserles wa Krakow, aliyeandika maelezo juu ya kitabu chake kwa ajili ya Waashkenazi, alisema husemwa juu ya vyote vinne. Hapo hawakubishana juu ya divai. Walibishana kama kikombe kimoja ni mwendelezo wa kingine au ni tendo jipya. Jambo ambalo hakuna aliyelibishia ni lile la Mishna kwamba hata aliye maskini kabisa asipewe vikombe pungufu ya vinne, ijapokuwa ni vya kutoka katika chungu cha sadaka, na kwamba hata yeye ale ameegemea kama mtu huru.

Mlo ukiisha, hutafunwa kile kipande cha matsa kilichofichwa, afikomani, kabla ya usiku wa manane, na baada yake hakiliwi kitu. Ndipo hutamkwa baraka ya baada ya mlo. Waliokula wakiwa watatu au zaidi hualikana kwanza, mmoja akiita na wengine wakijibu, kwa mtindo ambao mwimbaji na waitikiaji wake wangeuelewa mara moja. Baraka yenyewe ina sehemu nne: kwa chakula, kwa nchi, kwa Yerusalemu, na kwa wema. Ya nne Talmudi inaihusisha na mji wa Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Bar Kokba wa miaka 132 hadi 135 dhidi ya Roma: iliwekwa siku waliouawa humo waliporuhusiwa kuzikwa. Walioshiba humhimidi Mungu kwa kumbukumbu ya maiti waliopata kaburi. Siku za sikukuu huongezwa tamko la siku ndani ya baraka ya tatu, na usiku huu aliyelisahau hurudi mwanzo.

Lugha ya mtoto

Yote haya yangeweza kudhaniwa kuwa ni mlango uliofungwa kwa asiyejua Kiebrania. Lakini simulizi ya usiku huo hufunguliwa kwa tamko la Kiaramu, lugha ya sokoni na nyumbani katika zama zake, na tamko hilo ni mwaliko: kila mwenye njaa aje ale. Mswahili aliyezoea kumwambia mpita njia "Karibu chakula", na kusikia "Starehe", atalitambua mara moja, ingawa atashangaa kwamba mwaliko unatolewa milango ikiwa imekwisha kufungwa na watu wamekwisha kuketi. Wafafanuzi nao walishangaa. Sababu itajwayo mara nyingi kwa kutumika Kiaramu ni kwamba maskini aliyealikwa alipaswa kuuelewa mwaliko.

Isserles aliipanua hoja hiyo. Aliandika kwamba simulizi isomwe kwa lugha ambayo wanawake na watoto wanaielewa, au wafafanuliwe maana yake, akataja kwamba rabi mmoja wa London wa zama za kati aliisema Hagada yote kwa lugha ya wenyeji. Hukumu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wageni wala waongofu. Iliwekwa kwa ajili ya walio ndani ya nyumba, kwa sababu simulizi ya usiku ule kisheria ni jibu. Mtoto huuliza, asipokuwapo mtoto, mke huuliza, aliye peke yake hujiuliza mwenyewe, na hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka huulizana. Mtoto wa Mbale au Nairobi akiuliza kwa Kiswahili kwa nini usiku huu mkate ni mkavu, Isserles amekwisha kuamua kwamba jibu lake lazima alielewe.